Mchezo Ukigeuka Kibarua

Ndugu msomaji, kijana wako akikujia jioni moja kukuomba akiba ya nyumba, eti anunue viumbe vya kuchezea katika simu, na kwamba mchezo huo utawalipa nyote kila mwezi, utamjibu nini? Usimcheke, wala usikimbilie kumpa. Kaa naye kitako, umsimulie yaliyowapata watu wa Ufilipino.

Mwaka 2018 kampuni ya Sky Mavis ya Vietnam ilianzisha mchezo uitwao Axie Infinity. Mchezaji alikuwa na viumbe watatu wa kubuni, akawapambanisha na wa mwenzake. Jambo geni ni kwamba umiliki wa kila kiumbe uliandikwa katika blokicheni, yaani daftari la hesabu linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja, ili mtu mmoja asiweze kulifuta kwa siri. Kwa hiyo kiumbe aliuzwa na kununuliwa kama mbuzi mnadani. Tena mshindi alijipatia sarafu ya mchezo, iliyoitwa SLP, nayo aliweza kuiuza kwa fedha halisi.

Ugonjwa wa Uviko ulipofunga shughuli mwaka 2020, Wafilipino wengi waliokosa kazi waliuona mchezo huo kuwa mlango wa riziki. Mwaka 2021 waliocheza kila siku duniani walipita milioni 1, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa lao. Lakini viumbe watatu wa kuanzia waligharimu mamia ya dola. Asiye na mtaji alikodishwa viumbe na mwenye nao, akacheza, kisha wakagawana mapato. Mwenye viumbe akaitwa meneja. Hapo, ndugu msomaji, mchezo ukawa umekwisha kugeuka kibarua: yupo bwana mkubwa, ipo hesabu ya siku, na furaha haimo katika mkataba.

Sasa tujiulize swali ambalo kila mwenye familia hana budi kujiuliza: fedha hizo zilitoka wapi? SLP ilikuwa na kazi moja kubwa, nayo ni kuzalisha viumbe wapya. Viumbe wapya walihitajiwa hasa na wachezaji wapya. Maana yake ni kwamba aliyeingia jana alilipwa kutoka mfukoni mwa aliyeingia leo, na wa leo akamngojea wa kesho. Wageni walipopungua, sarafu zilizidi na wanunuzi wakaadimika. Katikati ya mwaka 2021 SLP moja ilipita senti 30 za dola. Kabla mwaka 2022 haujafika nusu, ilikuwa chini ya senti 1. Machi 2022 wezi wa mitandao waliiba mali ya zaidi ya dola milioni 600 katika mtambo wa mchezo huo, na mwezi uliofuata Serikali ya Marekani ikawataja wadukuzi wa Korea Kaskazini. Hata hivyo wizi huo haukuwa chanzo cha anguko. Sarafu ilikuwa imeporomoka hata kabla mwizi hajabisha hodi.

Wapo wanaosema kwamba angalau mchezaji humiliki mali yake. Ni kweli, lakini anamiliki nini? Mei 2019 gari moja la kubuni la mchezo wa mashindano ya magari, F1 Delta Time, lilinunuliwa kwa zaidi ya dola 100,000. Machi 2022 mchezo huo ulifungwa. Wenye magari walipewa vitu vingine badala yake, lakini uwanja wa kuendeshea magari yale haukuwapo tena. Hati ya shamba lililomezwa na bahari bado ni hati, ila hailimiki.

Je, mchezo wa namna hii waweza kudumu na kufurahisha? Kwa maoni yangu waweza, kwa sharti moja: fedha zitoke kwa anayelipia burudani, kama alipiavyo kiingilio cha mpira. Mwenye tiketi ya mpira hangojei faida mlangoni. Amekwisha kufaidi kwa macho yake. Wenye Axie wenyewe walilitambua hilo. Februari 2022 waliondoa malipo ya SLP kwa anayecheza peke yake, na Aprili mwaka huo wakatoa toleo ambalo mgeni huanza na viumbe wa bure. Hatua hiyo ilikuwa njema, lakini aliyekuwa amekwisha kukopa ili aanze hakurudishiwa mkopo wake.

Watazame wazee wanaocheza bao barazani. Hawalipwi hata thumni, na giza huingia wakibishana juu ya kete moja. Bao limedumu kwa sababu anayefungwa leo hurudi kesho kwa hamu ya kufunga, wala hamdai mtu.

Basi kijana wako muulize hivi: kama usingelipwa hata senti, ungeucheza mchezo huu? Akisema ndiyo, mwache acheze baada ya kazi, kwa kiasi ambacho hata kikipotea watoto watakula. Akisema hapana, ujue anatafuta kazi, nawe msaidie kutafuta kazi. Akiba ya nyumba ibaki mahali pake, kwani mchuma janga hula na wa kwao.