Futi, Pedeli na Pajama: Ndugu wa Tumbo Moja

Ndugu msomaji, leo tuanze na vitu vitatu visivyokuwa vigeni katika nyumba zetu za mjini. Cha kwanza ni futi, kipimo anachokitumia seremala apimapo mbao. Cha pili ni pedeli, ile sehemu ya baiskeli unayoikanyaga uendapo kazini. Cha tatu ni pajama, suruali ya kulalia. Maneno haya yameingia katika Kiswahili kwa milango mbalimbali. Futi ni "foot" la Kiingereza, yaani mguu. Pedeli nalo tumelipata kwa Waingereza, lakini asili yake ni Kilatini, ambamo mguu huitwa "pes", na neno hilo linapobadilika katika sentensi huonyesha shina lake, "ped". Pajama limesafiri kutoka Uajemi kupitia Bara Hindi: "pa" ni mguu na "jama" ni vazi. Safari ni tatu, lakini aliyesafiri ni mmoja, naye ni mguu.

Je, hayo ni matukio ya bahati tu? La, hasha. Kiingereza, Kilatini na Kiajemi ni watoto na wajukuu wa lugha moja ya kale sana, iliyosemwa kabla watu wake hawajajua kuandika. Wataalamu huiita lugha mama ya jamii ya Kihindi-Kiulaya, kwa kuwa wazao wake walienea toka Bara Hindi hadi pwani za magharibi za Ulaya. Hakuna hata ubao mmoja ulioandikwa kwa lugha hiyo. Imejulikanaje basi?

Mwaka 1786 jaji mmoja wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Calcutta, Sir William Jones, alitoa hotuba mbele ya chama cha wasomi alichokiasisi mjini humo. Jones alikuwa ameanza kujifunza Kisanskriti, lugha ya vitabu vitakatifu vya Wahindu, huku akikijua tayari Kigiriki na Kilatini. Alisema kwamba lugha hizo tatu zinafanana mno, katika vitenzi na katika sarufi, hata haiwezekani kudhani kuwa ni bahati. Hapana budi, alisema, ziwe zimetoka katika chemchemi moja ambayo labda haipo tena.

Tazama mwenyewe. Baba kwa Kiingereza ni "father", kwa Kilatini na Kigiriki ni "pater", kwa Kisanskriti ni "pitar". Ndugu wa kiume ni "brother", "frater" na "bhratar". Panya mdogo ni "mouse" kwa Kiingereza, na "mus" kwa Kilatini na Kigiriki. Hata sisi tunaye mmoja wa ukoo huo hapa pwani: padri. Neno hilo tuliachiwa na Wareno, nao wakimwita kasisi wao "padre", yaani baba. Kwa hiyo padri na "father" ni neno moja lililopita njia mbili.

Lakini kufanana peke yake si ushahidi. Kilichoifanya kazi hii iwe elimu ni kanuni. Mdenmark Rasmus Rask aliigusa mwaka 1818, na mwaka 1822 Mjerumani Jacob Grimm akaieleza kwa mpango. Grimm ndiye yule aliyekusanya hadithi za watoto pamoja na ndugu yake Wilhelm. Kanuni yao husema hivi: sauti hazibadiliki ovyo, bali hubadilika kwa utaratibu. Pale ambapo Kilatini kina "p", Kiingereza kina "f": "pater" na "father", "pes" na "foot", "piscis" na "fish", yaani samaki. Pale ambapo Kilatini kina "d", Kiingereza kina "t": "duo" na "two", "decem" na "ten", "dens" na "tooth", yaani jino. Na ile sauti ya "k" iliyoandikwa "c" na Warumi huwa "h": "cornu" na "horn", yaani pembe, "centum" na "hundred", yaani mia, "cor" na "heart", yaani moyo.

Bila shaka baadhi ya wasomaji watauliza: mbona Kiingereza kina "dentist" pamoja na "tooth"? Jibu ni kwamba "tooth" ni mali ya urithi, na "dentist" ni mkopo. Baada ya mwaka 1066, watawala wenye kusema Kifaransa walipoiteka Uingereza, maneno yenye asili ya Kilatini yalianza kumiminika, na wasomi wa karne zilizofuata wakaongeza mengine. Hivyo Mwingereza ana jino la nyumbani na jino la kuazima, nayo yote mawili yametoka kwa bibi mmoja.

Kwa kulinganisha maneno ya urithi namna hii, wataalamu wamekwenda mbele zaidi, wakatambua watu wale wa kale waliishije. Walifuga, kwa kuwa maneno ya ng'ombe, kondoo, mbwa na sufu yamebaki kwa wazao wengi. Walikunywa kileo cha asali: "mead" la Kiingereza na "madhu" la Kisanskriti ni neno moja. Walikuwa na magari ya kukokotwa. Neno lao la gurudumu limekuwa "wheel" kwa Waingereza, "chakra" kwa Wahindi na "kyklos" kwa Wagiriki. Kutokana na hilo la Kigiriki limezaliwa "bicycle", na kutokana na "bicycle" tumepata baiskeli yetu.

Gurudumu hilo ni saa pia. Wachimbuaji wa mambo ya kale hawajapata alama za magari ya magurudumu zilizo za zamani sana kupita kadiri ya miaka 5,500. Basi lugha yenye neno la gurudumu haikuweza kuwa imekwisha kutawanyika kabisa muda mrefu kabla ya hapo. Wataalamu wengi leo huiweka nchi ya asili katika mbuga za majani zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, katika Ukraine na Urusi za sasa. Marija Gimbutas alilitetea wazo hilo tangu mwaka 1956, na uchunguzi wa chembe za urithi katika mifupa ya kale, uliotangazwa mwaka 2015, umelitia nguvu.

Kuhusu nyumba na ndoa, lugha hiyo inatusimulia jambo ambalo wazee wetu wengi wangelielewa mara moja. Kuna neno la ndugu wa mume, ambalo hata leo Mhindi hulitamka "devar", na kuna neno la mkaza mwana. Lakini majina ya jamaa wa upande wa mke hayakuhifadhiwa kwa namna hiyo. Wataalamu huona hapo kwamba bibi harusi ndiye aliyehamia kwa wakweze, na ndiye aliyehitaji majina ya kuwaitia.

Neno jingine la kutafakari ni la mgeni. Shina moja limezaa "guest" la Kiingereza, yaani mgeni, na "hostis" la Kilatini, yaani adui. Shina hilohilo limo ndani ya "hospes", neno la Kilatini lenye maana ya mgeni na pia mwenyeji. Toka kwa "hospes" zimetoka hospitali na hoteli. Mtu asiyejulikana akibisha hodi, huwezi kujua kama ni rafiki au adui, ila ukimkaribisha, kila mmoja wenu huwa na deni kwa mwenzake.

Hata hivyo elimu hii ina mitego. Mtego wa kwanza ni kudanganywa na sura. Mwajemi husema "bad" kwa kitu kibaya, na Mwingereza vivyo hivyo, lakini maneno hayo hayana ukoo wowote. Pasipo kanuni ya sauti, hakuna undugu.

Mtego wa pili umemwaga damu. Wahindi na Waajemi wa kale walijiita "arya", na jina la Iran limetokana na neno hilo. Wazungu wa karne ya 19 walilichukua neno hilo la watu wenye lugha fulani, wakalifanya jina la kabila la damu bora. Max Müller, mtaalamu wa Kisanskriti, alikemea mwaka 1888 kwamba lugha haina nywele wala fuvu la kichwa. Hakusikilizwa. Wafuasi wa Hitler waliwaua Wayahudi milioni 6 kwa jina la damu hiyo. Waliwaua pia Waroma, maelfu kwa maelfu, ambao lugha yao ni dada wa Kihindi, na kwa hiyo ni ya jamii hiyohiyo kuliko wauaji walivyotaka kukiri. Lugha hufundishwa mtoto na yeyote amleaye; haimo katika damu.

Wazazi, mambo haya yana faida nyumbani. Mtoto anayeona haya kwa kuwa Kiswahili kimeazima maneno aambiwe kwamba Kiingereza, anachokiogopa darasani, kimeazima kwa wingi bila kuona haya. Aambiwe pia kwamba njia hii ya kulinganisha imetumika kwetu. Mtu wa Kiswahili ni "omuntu" kwa Waganda, "mũndũ" kwa Wakikuyu na "umuntu" kwa Wazulu. Na Carl Meinhof alieleza kanuni za sauti za lugha za Kibantu katika kitabu cha mwaka 1899.

Jioni ya leo, baada ya chakula, mwulize bibi au babu majina ya moto, jicho na nyama katika lugha ya kwao, kisha watoto wayaandike kando ya Kiswahili na kutafuta sauti zinazobadilishana. Kama jirani yenu ni wa kabila jingine, mkaribisheni naye. Tukutane Jumapili ijayo.