Sabuni si Saruji

Mvua zikikatika, mkoa wa Singida huingia katika majira ya kujenga. Toka Manyoni hadi Mkalama matofali huchomwa, misingi huchimbwa, na mfanyakazi aliyedunduliza mshahara wake hununua saruji mfuko mmoja mmoja. Ndipo mafundi waonyeshapo siri zao. Mmoja hutia sabuni ya unga katika mchanganyiko wa lipu ili uteleze juu ya mwiko. Wa pili hutia sukari ili saruji isishike upesi juani. Wa tatu hufufua kwa maji mchanganyiko uliokwisha anza kushika tangu asubuhi.

Sisi hatumo miongoni mwa wanaocheka kila ujuzi wa kale. Wazee wa Kinyaturu waliojenga matembe walijua kwamba mavi ya ng'ombe yakikandwa na udongo, nyuzi zake huushika usipasuke unapokauka. Kule Kilwa, kuta za Husuni Kubwa zilijengwa katika karne ya 14 kwa mawe ya matumbawe na chokaa iliyochomwa papo hapo pwani, na baadhi yake zingali zimesimama. Ujuzi huo ulipimwa kwa masika mengi, na aliyekosea alinyeshewa yeye mwenyewe.

Siri za leo hunyeshea mwenye nyumba, fundi akiwa amekwisha lipwa. Sabuni hujaza mchanganyiko mapovu ya hewa. Hewa kidogo iliyopimwa ina faida, lakini nani ampimaye fundi konzi yake? Kila sehemu moja ya hewa katika mia hupunguza nguvu ya saruji kwa kadiri ya sehemu tano katika mia. Sukari ni hatari zaidi. Gramu 25 tu katika mfuko wa kilo 50 huchelewesha saruji kushika kwa saa kama nne. Gramu 100 zaweza kuizuia isishike kabisa. Na wanaochota maji ya Ziwa Singidani wajue kuwa chumvi yake hula nondo ndani ya zege, pole pole, bila kuonekana.

Lawama, hata hivyo, si ya fundi peke yake. Tajiri anayetaka nyumba ya mifuko thelathini ijengwe kwa mifuko kumi na minane ndiye anayemfundisha fundi kutafuta sabuni. Ujira ukikatwa, kazi nayo hukatwa.

Anayetaka mchanganyiko laini atie chokaa: saruji sehemu moja, chokaa moja, mchanga sita. Achanganye kiasi cha kutumika kabla hakijaanza kushika, kisha lipu inyweshwe maji kwa siku saba. Wala asipige lipu ya saruji moja kwa moja juu ya ukuta wa udongo, kwani udongo huvimba na kunywea kwa majira, na saruji haiufuati. Hatimaye hubanduka kama gome.

Twaziomba halmashauri za mkoa, pamoja na chuo cha ufundi cha VETA kilichoko Singida, ziwaite mafundi wa mitaani kabla ya majira yajayo, wachanganye mbele ya watu karai moja lenye sabuni na jingine lisilo nayo, wafinyange vipande, na baada ya siku 28 wavivunje kwa nyundo. Wenye nyumba nao wawepo.