Mbio za Ujana Zisiishie Ukingoni



Mfanyakazi mmoja wa hapa mjini, ambaye kwao ni Susuni katika wilaya ya Tarime, alinijia hivi karibuni akiwa na fadhaa. Mwanawe wa kidato cha tatu, anayeishi huko na mama yake, alikuwa hashindwi katika mbio za mita 800 kila shule zilipokutana. Mwaka huu kijana huyo alikimbia na watu wazima kwa mara ya kwanza, akamaliza wa pili kutoka mwisho. Tangu siku ile ametundika viatu ukutani na hataki kusikia habari za mbio. Mama anasema aachwe apumzike. Baba anataka amwachishe shule, ampeleke kambini akafanye mazoezi asubuhi na jioni mpaka awapate waliomshinda. Akaniuliza, "Ndugu yangu, nifuate lipi?"

Leo namjibu mbele yako, kwa sababu huenda nawe unaye mtoto aliyeng'ara mapema, kisha nuru yake ikaanza kufifia.

Yafaa kwanza tuelewe kinachotokea. Katika riadha ya dunia, kijana ni yule asiyetimiza miaka 20 katika mwaka wa mashindano. Lakini miili ya vijana haikui kwa mwendo mmoja. Aliyebalehe mapema huwashinda wenzake kwa nguvu za misuli, na wazazi wakadhani ni kipaji kitupu. Anapoingia kwa watu wazima, faida ile huisha. Huko atakutana na watu waliokomaa, wenye mazoezi ya miaka mingi, wajuao kuotea nafasi na kuzuia njia. Kushindwa katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida kabisa.

Tutazame mfano wa jirani. Ng'ambo ya mpaka, ukipita nchi ya Wakuria wa Kenya, utafika Kilgoris, alikozaliwa David Rudisha mwaka 1988. Baba yake, Daniel, alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichotwaa medali ya fedha ya mbio za kupokezana vijiti, mita 400 mara nne, katika Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Kijana alikwenda kusoma Iten, akalelewa kimichezo na Bruda Colm O'Connell, mwalimu kutoka Ireland aliyefika huko mwaka 1976 kufundisha jiografia. Mwaka 2006, akiwa na miaka 17, Rudisha alikuwa bingwa wa dunia wa vijana katika mita 800 mjini Beijing.

Wengi hudhani kwamba baada ya hapo njia ilikuwa tambarare. Haikuwa hivyo. Mwaka 2008 aliikosa Olimpiki kwa sababu ya maumivu. Mwaka 2009, katika Mashindano ya Dunia ya watu wazima mjini Berlin, alitolewa katika nusu fainali. Bingwa wa vijana akawatazama wengine wakigombea medali!

Je, alimkimbia mwalimu wake? La. Alibaki na mwalimu yule yule, na majuma machache baadaye, huko Rieti nchini Italia, akakimbia kwa dakika 1 na sekunde 42.01 na kuvunja rekodi ya Afrika iliyodumu tangu mwaka 1984. Agosti 2010 alirudi katika mji ule ule wa Berlin, akaweka rekodi ya dunia. Na katika Olimpiki ya London mwaka 2012 aliongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akashinda kwa dakika 1 na sekunde 40.91. Kutoka ubingwa wa vijana hadi dhahabu ile ilipita miaka sita.

Nyuma yake siku hiyo walisimama vijana wawili kwenye jukwaa: Nijel Amos wa Botswana, mwenye miaka 18, na Timothy Kitum wa Kenya, mwenye miaka 17. Dunia iliwatabiria makubwa. Hata hivyo, hakuna hata mmoja kati yao aliyepata tena medali ya Olimpiki. Kung'ara mapema ni heri, lakini hakuna hati inayomhakikishia kijana kesho yake.

Wala tusisahau wa kwetu. Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita katika mkoa huo huo wa Mara, alikuwa na miaka 27 alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 mjini Moscow mwaka 1980.

Basi, ndugu yangu wa Susuni, mwanao na abaki darasani. Rudisha naye alikuwa mwanafunzi alipoanza. Mtafutie mwalimu mwenye subira, na ukimpata usimbadilishe kila msimu. Asikimbizwe asubuhi na jioni kabla mwili haujakomaa. Ale ashibe, alale vya kutosha. Umri wake useme wa kweli, wala usimpunguzie miaka ili aendelee kuwashinda watoto, maana ushindi huo utamdanganya yeye kwanza. Na mpime kwa saa yake mwenyewe: amekimbiaje leo, alikimbiaje mwaka jana? Huenda siku ile ya kushindwa alikimbia vizuri kuliko siku zote za ushindi, wala hakuna aliyemwambia.

Wahenga walinena kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mwanao hajafika ukingoni. Nenda nyumbani siku ya mapumziko, keti naye, kisha mshushe viatu vile ukutani mkiwa wawili.