Ushauri wa "Ingia Kwanza, Utahama" Unawaumiza Vijana

Majina ya awamu ya kwanza ya udahili wa vyuo vikuu yanapotoka, vijana wengi wa Tanzania waliomaliza kidato cha sita hukuta kwamba chuo walichokitamani hakikuwachukua. Ushauri unaowapata nyumbani ni ule ule, uwe umetoka kwa kaka, kwa shangazi au kwa mwalimu wa zamani: "Ingia kwanza popote, mwakani utahamia Mlimani," yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unatolewa kwa huruma, na unamtuliza anayelia. Lakini ni ushauri mbaya. Unamfanya kijana achague chuo bila kukichagua, asome mwaka mzima bila kutulia, kisha agonge mlango ambao haukuwahi kuwa wazi.

Kosa lenyewe linaanzia katika kutoelewa maana ya kukataliwa. Kwa mhitimu wa kidato cha sita, kiwango cha chini cha Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) kwa kozi nyingi ni jumla ya pointi 4.0 katika masomo mawili yanayohusiana na kozi, ambapo A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kwa hiyo D mbili zinaweza kumpa mtu sifa. Nafasi ni jambo jingine. Chuo hupanga waombaji wenye sifa kuanzia wa juu, hujaza viti vilivyoidhinishwa, na kikomo kinapofika waliobaki hurudishwa hata kama wana pointi za kutosha. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2010 TCU ilipoanzisha mfumo wa pamoja wa udahili, na ndivyo ilivyobaki tangu 2017, waombaji waliporudishiwa uhuru wa kupeleka maombi moja kwa moja vyuoni. Wengi wanaokataliwa hawakukosa akili wala sifa. Kozi ilijaa.

Ukweli huo ukishakaa kichwani, ahadi ya kuhama inaanza kupukutika. Uhamisho wa mwaka wa kwanza hufanyika baada ya udahili kufungwa, na una masharti yake: mwanafunzi awe na sifa za kozi anayoitaka, kozi iwe na nafasi, chuo kinachompokea kikubali, na TCU iidhinishe. Wanaotoa ushauri hutazama sharti la kwanza tu. Sharti la nafasi ndilo linalowaangusha wengi, kwa kuwa kozi iliyomkataa mwombaji kwa kujaa haipati viti vipya wiki chache baadaye. Nafasi za waliothibitisha kwingine huzibwa na waombaji wa awamu ya pili na ya tatu, kabla uhamisho haujazungumziwa. Kenya hali ni ngumu zaidi kwa namna yake. Anayeomba uhamisho kupitia KUCCPS, chombo kinachowapangia wanafunzi vyuo huko, lazima awe alifikisha alama za mwisho zilizotumika kuchukua wanafunzi katika kozi anayoitaka, kwa hiyo alama zilizomzuia mwanzo humfuata mpaka kwenye ombi la pili.

Kuhama baada ya kumaliza mwaka wa kwanza ni habari nyingine, na hapa ndipo matumaini mengi hufia. Shahada ya miaka mitatu nchini Tanzania ina angalau krediti 360, yaani 120 kwa mwaka. Anayehama huomba krediti alizozipata zitambuliwe na chuo kipya, na chuo hicho hulinganisha somo kwa somo. Shahada mbili zenye jina moja hazina mtaala mmoja, kwani kila chuo hupitisha wake kupitia Seneti yake. Somo ambalo chuo kimoja hufundisha mwaka wa kwanza, kingine hulipeleka mwaka wa pili, na cha tatu hakina kabisa. Mlimani, kwa mfano, kwa miongo mingi wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa kozi zote wamelazimika kusoma somo la maendeleo lijulikanalo kama DS. Anayetoka kwingine bila kitu kinacholingana nalo hubaki na deni. Pia chuo kinachotoa shahada hutaka sehemu kubwa ya masomo isomwe kwake, kwa hiyo kadiri mtu anavyochelewa kuomba ndivyo mlango unavyozidi kubana. Hata masomo yakilingana, viti vya mwaka wa pili hutegemea waliodisko au walioahirisha masomo, na maabara na vikundi vya semina vimeshapangwa kwa idadi iliyopo. Mara nyingi anayefanikiwa kuhama huanzia mwaka wa kwanza. Huko si kuhama. Ni kupoteza mwaka na ada yake.

Fedha nazo hazihami zenyewe. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, hupangwa kwa mwanafunzi fulani katika chuo fulani na kozi fulani. Akihama, taarifa lazima zifike Bodi na vyuo vyote viwili vithibitishe, na wakati makaratasi yanatembea boom, yaani fedha ya kujikimu, haliingii. Anayeamua kuacha chuo ili aombe upya mwaka unaofuata hujikuta pagumu zaidi, kwa sababu aliyewahi kunufaika kisha akaacha masomo hutakiwa kurejesha kwanza sehemu ya mkopo wa awali kabla ya kufikiriwa tena. Kwa familia iliyouza ng'ombe au shamba ili mtoto aingie chuo binafsi "kwa muda", hasara hiyo hairudi.

Madhara makubwa kuliko yote, hata hivyo, hutokea darasani, na hayo hayasemwi. Mwanafunzi aliyeambiwa kwamba yupo kwa muda huishi chuoni kama abiria wa stendi, macho kwenye ratiba ya basi jingine. Hajiungi na kikundi cha kujisomea, hamfahamu mhadhiri yeyote kwa karibu, haulizii nafasi za field, na sapu ya kwanza haimshtui kwa kuwa anaamini mambo haya yatabaki nyuma. Hayabaki. Katika vyuo vingi vya Tanzania GPA hukusanywa kuanzia muhula wa kwanza. Daraja la kwanza huanzia 4.4, la pili la juu 3.5, la pili la chini 2.7. Kama masomo ya kila mwaka yana uzito sawa, aliyepata wastani wa 2.4 mwaka wa kwanza, hata akijitutumua na kupata 4.0 katika miaka miwili inayofuata, humaliza na 3.4 na ushee. Daraja la pili la juu limempita kwa sababu ya mwaka mmoja alioudharau. Na hapa ushauri unajipinga wenyewe, maana chuo kinachopokea mhamiaji hutazama matokeo yake kwanza. Anayetaka kuhama anahitaji alama nzuri kuliko anayebaki, lakini amekwisha kuambiwa kwamba mahali alipo hapana maana.

Imani hii hupata nguvu kutoka nje. Wenye ndugu Marekani wamesikia kwamba huko watu huhama vyuo kila siku, na wengi wanajua kwamba Barack Obama alianza Occidental College mwaka 1979 kisha akahamia Columbia mwaka 1981. Ni kweli, lakini huko njia ilijengwa. Mpango mkuu wa elimu ya juu wa California wa mwaka 1960 uliweka vyuo vya jamii vya miaka miwili kama mlango rasmi wa kuingilia vyuo vikuu vya jimbo, na ukaelekeza kwamba vyuo vikuu hivyo viwe na asilimia 40 ya wanafunzi katika miaka miwili ya mwanzo na asilimia 60 katika miaka ya mwisho, ili wanaohamia wapate pa kukaa. Viti vyao vilihesabiwa kabla hawajazaliwa. Tanzania haina viti vya namna hiyo. Uhamisho mkubwa unaokumbukwa nchini ulitokana na amri: mwaka 2016 TCU ilipofuta vibali vya matawi ya chuo kimoja binafsi kule Songea na Arusha, wanafunzi walitawanywa katika vyuo vingine. Lile lilikuwa janga lililotafutiwa tiba, na hakuna anayepaswa kupanga maisha yake kwa kulitumainia.

Nyuma ya ushauri huu pia kuna dhana kwamba jina la chuo ndilo litakaloamua maisha. Jina lina uzito wake, lakini milango ya taaluma haigawanywi kwa majina. Wahitimu wa sheria kutoka vyuo vyote wanaotaka kuwa mawakili hukutana Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2007, na hufanya mitihani ile ile. Anayetaka kuwa mhasibu mwenye CPA hupimwa na NBAA, bodi ya wahasibu, naye mhandisi hufanya kazi chini ya wahandisi wenye uzoefu kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumtambua kikamilifu. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira hutaka shahada ya fani husika kutoka chuo kinachotambuliwa na Serikali, kisha usaili wa kuandika huwachuja waombaji. Katika vyumba hivyo vya mitihani, aliyesoma kwa utulivu Iringa au Mwanza hakai nyuma ya aliyezurura Dar es Salaam.

Wapo wenye sababu ya kweli ya kuhama: mgonjwa anayehitaji kuwa karibu na hospitali, mwenye ulemavu ambaye chuo hakina miundombinu ya kumhudumia, anayemuuguza mzazi, au aliyekuta kozi yake imesimamishwa. Uhamisho uliwekwa kwa ajili yao, na msongamano wa wanaofuata jina huwachelewesha wao.

Aliyekataliwa basi anastahili kushauriwa namna ya kuchagua chuo cha pili kama mahali pa kumalizia. Kozi yenyewe itangulie jina la chuo: aliyetaka uhandisi asiingie kozi asiyoipenda ili tu awe ndani ya geti la chuo kikubwa. Mwongozo wa Udahili wa TCU usomwe, kuhakikisha kwamba kozi ile, katika tawi lile, ina idhini. Waliopo mwaka wa tatu waulizwe kama wahadhiri huingia darasani, kama maabara zina vifaa, wanafunzi hupelekwa wapi field. Ada ihesabiwe kwa miaka yote. Kwa kozi za tiba hilo si jambo dogo, kwani ada za vyuo binafsi huzidi za Muhimbili zaidi ya mara mbili. Kama hakuna chuo kinachofaa, kusubiri mwaka mmoja bila kujisajili popote kuna gharama ndogo kuliko kujisajili kwa majaribio, na stashahada ni njia halali, kwani GPA ya 3.0 humpa mhitimu wake sifa ya kuomba shahada.

Mlimani penyewe hapajafungwa kwa aliyekataliwa. Mlango ulio wazi kwake ni wa shahada ya uzamili, ambao kwa kawaida hudai shahada ya kwanza yenye GPA ya angalau 2.7 kutoka chuo chochote kinachotambuliwa, na huko haulizwi ni nani aliyemkataa alipokuwa ametoka kidato cha sita.