Kisongo si mpinzani wa KIA

Tangu Afcon ya 2027 ianze kuzungumzwa, vijiwe vya Terrat hapa Arusha vina kauli moja: uwanja wa ndege wa Kisongo urefushwe, ndege kubwa zitue jirani, tuachane na safari ya kilomita karibu 50 hadi KIA, uwanja wa kimataifa wa Kilimanjaro. Hamu hiyo naielewa. Hoja zake ndizo siziafiki.

Wa kwanza anasema ndege kubwa inatua Kisongo, watu waliishuhudia. Kweli, Desemba 18, 2013 Boeing 767 ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda KIA ilitua Kisongo kimakosa. Lakini hadithi haiishii hapo. Ilimaliza lami ikaingia kwenye nyasi, na iliporuka tena siku chache baadaye haikuwa na abiria. Ndege yenye watu, mizigo na mafuta ya kufika Ulaya huhitaji lami ndefu sana kupaa, tena Kisongo iko mita zipatazo 1,390 juu ya usawa wa bahari, KIA 890 hivi. Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi, na joto la mchana huizidishia wepesi. Injini na mabawa hupungukiwa nguvu. Lami ya KIA ina mita 3,600. Ya Kisongo mwaka ule haikufika nusu yake.

Wengine huhesabu miruko ya ndege, wakiona Kisongo ina pilika nyingi basi inastahili fedha zaidi. Ndege ndogo aina ya Caravan hubeba watalii kumi na wawili hivi. Ndege moja ya KLM inayotua KIA ina viti vya kutosha watu wa Caravan zaidi ya ishirini. Kulinganisha viwanja kwa miruko peke yake ni kujidanganya.

Kwamba viwanja hivi vinanyang'anyana abiria, hilo ndilo kosa kubwa zaidi. Anayepanda Kisongo anakwenda Seronera au Zanzibar. Anayeshuka KIA ametoka Amsterdam, Doha au Addis Ababa. Mara nyingi ni mtalii yule yule. Mpinzani wa KIA yuko Nairobi. Maua na mboga za Arusha hupakiwa kwenye malori, zikavuka Namanga hadi uwanja wa Jomo Kenyatta, huku KIA ikiwa karibu zaidi. Kule ndege ni nyingi, hivyo nafasi ya mzigo hupatikana kwa urahisi, wakulima wakaifuata, na ndege nazo zikaufuata mzigo. Duara hilo halivunjwi kwa kumwaga lami Kisongo. Linaguswa na vyumba vya baridi, tozo za kutua, na ndege za mizigo zenye ratiba ya kuaminika pale KIA.

Na msongamano wa Kisongo? Upo, ila ni wa asubuhi, safari za mbugani zinapoondoka. Viwanja vya mbugani kwa kawaida havina taa, hivyo kila rubani huondoka mapema ili amalize safari zake kabla ya giza. Kinachohitajika kwanza ni maegesho zaidi ya ndege, na tozo ya asubuhi iliyo juu kuliko ya mchana. Mwenye ndege iliyojaa watalii ataimudu. Mwenye ndege ya mafunzo, na anayehamisha ndege tupu, watasogea mchana.