Msalaba wa Shaba Ulikuwa Pesa

Mzee mwenye ukumbi alisikiliza wimbo mpaka mwisho, kisha akatikisa kichwa. "Batoto yangu, ile mwimbo muitoshe. Hakuna jina ya Mungu ndani. Hapa hatuimbake mayimbo ya dunia."

"Ndiyo, papa," akajibu kiongozi wao, na wenzake wakainamisha vichwa. Walikuwa vijana kumi na wawili wa hapa Kolwezi, wengi wao wa Manika na Kapata. Mchezo wao wa jukwaani, nusu maneno nusu nyimbo, ulikuwa wa mchimbaji aliyefunikwa na udongo. Wimbo uliokataliwa ni wa mama yake. Amesimama mdomoni mwa shimo, anauliza ni nani atakayeshuka kumwambia mwanawe kwamba jua limekuchwa. Korasi haina jibu. Inamrudishia swali lile lile mara tatu, kila mara kwa sauti ya chini zaidi, mpaka linabaki vumi tu.

Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Walikuwa wameniita niwasahihishie maneno ya tangazo lao. Nikakumbuka kwamba siku nane kabla, katika ukumbi ule ule, palikuwa na tamasha la nyimbo za Injili. Mwimbaji alimtukuza Bwana dakika kumi hivi. Seben, ile sehemu ya gitaa na kucheza, ilipoanza, akaanza kumwaga majina: bosi fulani mwenye depo ya madini, mheshimiwa fulani, mke wa mheshimiwa. Kila aliyetajwa alipanda jukwaani akambandika noti za dola kwenye paji la uso lenye jasho. Mzee wetu alikuwa mstari wa mbele, akipiga makofi. Jina la Mungu lilikuwemo, kwa hiyo mambo yalikuwa sawa.

Kutoka Kolwezi mpaka Fungurume imani hii inatembea kama sheria: wimbo ukimtaja Mungu ni wa Mungu, usipomtaja ni wa dunia. Tunaitumia kugawa waimbaji, redio, kumbi, hata watoto wetu. Nasema ni imani ya uvivu. Nasema pia kwamba ina faida kubwa kwa watu wachache, ndiyo maana haifi.

Katika mji huu hakuna anayenunua gunia kwa kusoma kilichoandikwa juu yake. Mchimbaji hufikisha mawe yake depo ndani ya gunia lililowahi kubeba mchele au unga. Mnunuzi hasomi "mchele" akatoa bei ya mchele. Anachukua kile kipimo chenye umbo la bastola, Metorex, anakielekeza kwenye jiwe na kungoja namba: kobalti asilimia ngapi, shaba asilimia ngapi. Mchimbaji naye hana imani na namba hiyo, anamkodolea macho aliyeshika kipimo. Watu hawa hawa, wanaopima jiwe mara mbili na kumpima mpimaji, wakifika kwenye wimbo wanasoma maandishi ya gunia na kulipa.

Mababu walikuwa waangalifu zaidi. Kabla ya mzungu, shaba ya nchi hii iliyeyushwa ikamiminwa katika umbo la msalaba, ile tunayoiita handa. Wanaakiolojia wameifukua makaburini Sanga, kando ya Ziwa Kisale, na mwaka 1960 Katanga ilipojitenga, misalaba hiyo iliwekwa kwenye bendera. Mgeni akiiona hudhani ni alama ya Ukristo. Handa ilikuwa pesa. Ina umbo la msalaba kabisa, na mababu walioanza kuihesabu hawakuwa Wakristo. Basi kuna nyimbo zenye umbo la msalaba ambazo ni handa tupu: zimeyeyushwa na kumiminwa kwa ajili ya malipo.

Kinshasa ufundi huu wa kumwaga majina una jina lake kwa Kilingala: kutupa mabanga. Libanga ni jiwe. Unamrushia mtu jina lake ndani ya wimbo, naye anakurudishia pesa. Ulianza katika bendi za rumba, zile ambazo mapasta wetu wanaziita za shetani, kisha ukaingia kwenye nyimbo za kuabudu bila hata kuvua viatu. Nani alipaswa kushangaa kwamba katika mji wa mawe libanga limepata bei nzuri kuliko popote?

Tunao ushahidi mkubwa zaidi kwamba jina na tuni ya kanisa havitoshi. Wenye mvi wanakumbuka animasio ya miaka ya 1970. Kila kampuni na kila shule ilikuwa na kikundi cha kuimba na kukata viuno kwa heshima ya Guide, yaani Rais Mobutu. Tuni za ibada zilivuliwa jina la Yesu zikavikwa la Mobutu. Mwaka 1974 waziri Engulu Baanga Mpongo alitangaza hadharani kwamba chama cha MPR kichukuliwe kuwa kanisa na mwanzilishi wake kuwa masiya. Noeli ikafutwa kwenye sikukuu za taifa. Waliosimama kwenye mistari ile wakaimba hawakuhisi mabadiliko makubwa kooni: sauti ile ile, makofi yale yale, kupiga magoti kule kule. Kama wimbo wa ibada unaweza kubadilishiwa mwenyewe kwa kubadilisha neno moja, basi utakatifu wake haukuwa katika neno hilo.

Sasa geuza upande wa pili. Mwaka 1958, kule Kamina, ambako wakati ule kulikuwa ndani ya Katanga, padre Mfransisko Guido Haazen na korali yake ya watoto na walimu waliimba Misa Luba. Maneno ni ya Kilatini cha Roma. Muziki umetoka kwingine kabisa. Kyrie imefuata kasala, wimbo wa maombolezo, Sanctus imejengwa juu ya wimbo wa kuagana, na Hosana inabebwa na mdundo wa ngoma ya Kasai. Mwaka ule ule korali ikazunguka majukwaa ya Ulaya, wimbo ukatiwa kwenye sahani ya santuri, na miaka kumi baadaye Sanctus yake ikasikika katika filamu ya Kiingereza ya wanafunzi waasi. Mwambieni mzee wetu achore mstari hapo. Wimbo wa kuagana ulikuwa wa dunia kijijini, mtakatifu Kamina, halafu wa dunia tena sinemani? Au ulikuwa na kitu ndani yake muda wote, na padre alikuwa na masikio ya kukisikia?

Tusiende mbali, twende Musonoi. Huko, katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya Union Minière, ndiko padre Placide Tempels alikopelekwa mwaka 1953. Tayari alikuwa ameandika kitabu chake juu ya falsafa ya Kibantu. Hapo ndipo Kolwezi ikazaa Jamaa, vuguvugu la imani lililoenea kambi zote za shaba. Mafundisho yake yalizunguka maneno matatu: uzima, uzazi, mapendo. Yasikilizeni maneno hayo. Ni ya jikoni na ya kitandani. Bibi anayauliza kila asubuhi anapochungulia kama mgonjwa amekula, kama binti amejifungua, kama mke na mume wanaongea. Wale wafuasi wa Jamaa waliojiita baba na mama hawakuvuka kwenda lugha nyingine ili wamkute Mungu. Walimtafuta ndani ya lupango, uani mwa nyumba zao. Sisi wajukuu wao tumesahau, tunataka kwanza mtu aseme "Haleluya" ndipo tumfungulie mlango.

Na Biblia yenyewe? Kitabu cha Esta, katika Kiebrania chake, hakimtaji Mungu hata mara moja, na wazee waliopanga vitabu hawakukiita cha dunia. Nabii Amosi aliwaendea watu waliokuwa wakimwimbia Mungu kwa vinubi, jina lake vinywani mwao, akawaambia kwamba Mungu amechoshwa na kelele hizo maana haki haitiririki. Zaburi ya 88 ni kilio cha mtu aliyezama shimoni, na inafungwa gizani, bila ushuhuda wala muujiza wa mwisho. Kweli, yenyewe inamtaja Bwana. Lakini iweke mbele ya mwandaaji wa tamasha la Injili uone kama ataipa nafasi. Atauliza seben iko wapi.

Hoja inayorushwa upesi ni kwamba jukwaa huchezea vitu vitakatifu. Ni hoja ya zamani. Handel alipopeleka Masiya yake London mwaka 1743, wapo waliokasirika kwamba maneno ya Maandiko yanaimbwa katika nyumba ya maigizo na waigizaji. Leo korali ngapi za Katanga zinajisifu kwa kuweza ile Haleluya yake? Afrika Kusini mwaka 1987, Mbongeni Ngema aliweka Sala ya Bwana katika mchezo wa Sarafina!, vinywani mwa watoto wa shule wa Soweto. Siamini kwamba kuna aliyetoka pale akidhani sala imechezewa. Naamini wengi walitoka wakiwa kama wameisikia kwa mara ya kwanza.

Kuna hoja nyingine ninayoiheshimu zaidi, nayo ni ya akina mama. Mama ambaye kijana wake alishuka mashimoni akiwa na miaka kumi na mitano, akapanda na pesa, pesa zikampeleka baa, baa ikampeleka pabaya, hana muda wa kuchambua tuni. Nyimbo za baa zilikuwepo mtoto alipopotea, nyimbo za kanisa zilikuwepo aliporudi. Kwake mstari ni ukuta wa nyumba, na mimi siji na nyundo kuubomoa. Namwomba atazame tu nani amejipenyeza ndani ya ukuta. Yule bosi aliyembandika mwimbaji dola ndiye huyo huyo anayemlipia kijana bia siku ya malipo. Baa ilimwita mfadhili. Tamasha linamwita mbarikiwa.

Hapo ndipo penye faida niliyoitaja. Wimbo wa jukwaani wa wale vijana unauliza nani atashuka. Swali hilo lina anwani. Tarehe 27 Juni 2019, karibu na Kamoto, ukingo wa machimbo uliporomoka na wachimbaji wasiopungua 36 wakafa. Kule Kasulo, tangu kobalti ilipogunduliwa chini ya nyumba mwaka 2014, watu walichimba ndani ya malupango yao, mashimo yakafunguka sebuleni. Dunia inapata sehemu kubwa ya kobalti yake kutoka nchi hii, na sehemu kubwa ya hiyo inatoka kwenye udongo tunaoukanyaga. Mama anayeimba "nani atashuka" anamtazama mwenye shimo, mwenye depo, mheshimiwa, na juu yao wote anatazama mbinguni. Lakini wimbo wenye jina la Mungu na la bosi katika pumzi moja hauulizi kitu. Umekwisha kujibu: Mungu yuko upande wa aliyelipa.

Ndiyo maana nasema kanuni ya "nyimbo za Mungu na nyimbo za dunia" haimlindi Mungu. Yeye hana haja ya kulindwa na mlinzi wa ukumbi. Inawalinda walio mstari wa mbele wasiulizwe. Wimbo wa kuombea utajiri hauwezi kumkera tajiri. Wimbo wa matanga unaweza, maana marehemu alikuwa na mwajiri.

Wale vijana hawakuutoa wimbo. Waliondoka na mchezo wao, wakauonyesha jioni ya Jumamosi katika lupango la shangazi wa mmoja wao. Kamba ya nguo ilifungwa shuka kuwa pazia, taa ya simu ikawekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Watu sitini hivi, wengi wamesimama. Mama wa shimoni alipouliza swali lake na korasi ikalirudisha mara ya tatu kwa sauti ya chini kabisa, hapakuwa na makofi. Kisha kutoka upande wa jiko, mama mmoja mtu mzima, mkono bado una unga wa bukari, alisema kwa sauti ya kawaida, kama anayejibu mtu aliyeko karibu naye: "Amina."

Hakuna aliyemwambia kwamba jina la Mungu halikuwemo.

Basi nakuachia kipimo, wewe unayejua kupima mawe. Jumapili ijayo chukua wimbo wowote unaoupenda, utoe jina la Mungu, uone kinachobaki. Kikibaki kilio cha mtu, shukrani ya mtu, hofu au mapendo yake, urudishie jina lake, maana lilikuwa mahali pake. Kikibaki jina la bosi, usipige magoti. Hiyo ni handa. Ihesabu kama mababu walivyoihesabu, uangalie iko mfukoni mwa nani.