Kiti cha Dirishani Si Hoja

Tangu tufungue shule muhula huu wenzangu wa Kidato cha Tatu hawanipi nafasi. Swali ni lile lile: "Ulikaa dirishani?" Naam, nilikaa dirishani, kiti cha 9A, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Likizo ya Agosti nilisafiri na nyanya kwenda Sharjah, katika Falme za Kiarabu, kumwona mama anayefanya kazi huko. Tulipanda ndege ya bei nafuu aina ya Airbus A320. Ndege hii ina ujia mmoja tu, na kila safu ina viti sita: A, B na C huku, D, E na F kule. Katika ndege za aina hii nauli ya chini hukupa nafasi ya kusafiri, si kiti unachokitaka. Ukitaka kuchagua, unaongeza pesa. Mimi, mjuaji, nikamwambia mjomba aliyetukatia tikiti, "Wacha, hizo ni pesa za bure. Kiti ni kiti!" Akanisikiliza. Rahisi inavunja upishi, walisema wahenga. Kompyuta ikanipa mimi 9A, nyanya ikamtupa 26E.

Jamani, 26E! Katikati ya watu wawili, karibu na mkia, na nyanya ana magoti mabovu. Hewa ikichafuka, wa mkiani hutikiswa kuliko walio karibu na mabawa. Isitoshe, kila akitaka kwenda msalani ilibidi amwinue jirani. Akaona haya, akakaa takriban saa tano bila kuinuka. Wataalamu wa afya huonya kwamba kukaa hivyo zaidi ya saa 4 kunaweza kufanya damu igande miguuni, na wazee wamo hatarini zaidi. Mimi huko mbele nilikuwa nikitazama mawingu.

Katikati ya safari nilimwendea nimpe kiti changu. Akacheka. "Huko si nitaruka watu wawili badala ya mmoja?" Tulipotua, viatu vilikataa kuingia. "Si neno, mjukuu wangu," akasema. Lakini lilikuwa neno.

Basi rai yangu ni hii: kiti bora hutegemea ni nani anayekikalia. Kijana mwenye usingizi mzito na aende dirishani, hana wa kumsumbua. Mzee apewe kiti cha kando ya ujia, C au D, mbele ya mabawa, na mwenzake akae papo hapo ubavuni. Wapo wanaosifu safu za milango ya dharura kwa sababu miguu hupata nafasi. Ni kweli, lakini wazee na watoto hawaruhusiwi kuketi hapo, kwa kuwa anayeketi pale lazima aweze kusaidia kufungua mlango. Safu ya mwisho nayo ikimbieni! Mara nyingi viti vyake haviegemei nyuma, na foleni ya msalani inasimama kichwani pako.

Wengine watalaumu kampuni za ndege kwa kuuza viti kama karanga. Siwalaumu sana, nauli iko chini kwa sababu kila kitu kinauzwa peke yake. Ila kumtenga ajuza na mjukuu wake wakati tikiti zilikatwa pamoja, hilo sikubaliani nalo hata kidogo.

Kurudi, nilitoa akiba yangu. Malipo ya viti viwili hayakufika bei ya jozi ya viatu vya shule. Nyanya akakaa 7C, akainuka mara tatu, akazungumza na wahudumu kama anayewajua tangu zamani. Mimi nilikuwa 7B, nimebanwa kama niko kwenye matatu. Dirishani alikaa bwana mmoja ambaye, tuliporuka tu, aliteremsha kifuniko cha dirisha akalala mpaka Nairobi.